Mama Muhuri wa Meza ya Figo

Mke wangu alikuwa mkaguzi wa nyama, na mimi ni fundi cherehani ninayeogopa damu. Ndoa yetu ilipotangazwa watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Walisema nyumba hiyo itakuwa na kisu upande mmoja na sindano upande mwingine, na mwenye sindano ndiye atakayelia. Hawakukosea sana, maana mimi ndiye niliyebaki.

Machinjioni walimwita Mama Muhuri. Kituo chake kilikuwa meza ya figo. Kila mnyama aliyepita ametundikwa kwenye reli ya juu, figo zake mbili zilitua mbele yake kwenye sinia la bati. Alizibandua utando kwa kidole gumba, akazigeuza, akaziminya. Zikimtia shaka alizipasua kwa urefu, mara moja tu, kisha akaamua. Figo nzuri ilirudi kwa mwenyewe. Mbaya ilikwenda kwenye pipa jekundu, na ikishaingia humo, hata ulie machozi ya damu, hairudi. Mwishoni alipiga muhuri wa wino wa zambarau kwenye paja la mnyama, na bila muhuri huo nyama haikutoka getini. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemhonga akafaulu. Waliojaribu waliondoka wamefyata mkia.

Wino ule haukumtoka vidoleni. Akinisaidia kupiga pasi, uliingia kwenye kola za mashati ya wateja, na mimi ndiye niliyetukanwa.

Mwaka wa kwanza wa ndoa alikuja nyumbani na mfuko wenye figo mbili, ya ng'ombe na ya mbuzi. Nilimwambia akizitoa mezani kwangu nahama. Akazitoa. Ya ng'ombe ilikuwa na vinundu vingi vilivyoshikana, kama mtu ameokota mawe akayatia kwenye soksi. Ya mbuzi ilikuwa laini kama haragwe.

"Za kwako zinafanana na hii ya mbuzi," akasema, "ila kubwa zaidi. Kila moja ni kama ngumi yako, Fundi, na ngumi yako yenyewe tunaijua."

Nilimwambia mimi najua figo inachuja uchafu, inatosha, azifunge. Akanitazama kwa huruma, akaenda kwenye cherehani yangu, akachomoa droo ya vifungo.

"Hii unaisafishaje?"

"Naokota uchafu, natupa."

"Ndiyo maana haijawahi kuwa safi." Akaipindua. Vifungo, pini, vumbi la chaki, nyuzi, kila kitu kikamwagika mezani kando ya zile figo. Nilitaka kupiga kelele. "Figo haiokoti uchafu. Inamwaga kila kitu nje ya damu. Maji, chumvi, sukari, takataka. Chembe za damu na vile vitu vikubwa tu ndivyo havipiti. Halafu ndiyo inaanza kurudisha." Akawa anarudisha vifungo kimoja kimoja. "Sukari yote irudi. Chumvi, kiasi. Maji, karibu yote. Ule uliobaki mezani, usiotakiwa na mtu, ndio mkojo."

"Kwa siku mara ngapi?"

"Haina kupumzika. Kwa siku moja zinachuja madumu tisa ya lita ishirini, na wewe unakojoa lita moja na nusu. Mengine yote yamerudishwa."

Nilisema anatia chumvi. Akasema hata chumvi yenyewe inapimwa humo humo. Basi, hivyo ndivyo nilivyosomeshwa. Watu wengine wanakaa na wake zao wakipiga soga za majirani. Mimi nilijua kwamba kuku hakojoi, kwamba ule weupe juu ya kinyesi chake ndio mkojo wake uliokaushwa, na kwamba mnyama aliyempenda kuliko wote ni mbuzi wa nyika. Mbuzi huyo, alisema, figo zake zinajua kubana. Zinarudisha maji mpaka tone la mwisho. Ukikuta kibofu chake, mkojo ni kidogo, mzito, mweusi kama chai ya rangi, na figo zenyewe ukizipasua zinang'aa.

"Mimi ni mbuzi wa nyika," alikuwa akisema, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, kwa hiyo mnivumilie.

Machinjio yale yalijengwa na wanaume kwa ajili ya wanaume. Choo cha wanaume kilikuwa hatua kumi kutoka relini. Yeye, mwanamke peke yake kati ya wanaume sitini, ilibidi avue aproni, avue glovu, avuke zizi la ng'ombe wanaosubiri, apande ofisini, aombe ufunguo wa choo cha wageni. Muda huo wote reli imesimama, na reli ikisimama wanaume sitini wanapiga visu kwenye ndoano na kuulizana kwa sauti kama mama anajifungua. Alivumilia mwezi mmoja. Baada ya hapo akaacha kunywa maji. Tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana hakutia hata tone kinywani, na hakwenda popote. Aliandika barua tatu kuomba choo. Zote alijibiwa kwamba suala litaangaliwa. Sijui waliliangalia kwa jicho gani.

Juu ya hayo kulikuwa na mkono. Kubandua figo mia mbili kwa siku kwenye baridi ya machinjioni kunaua kiwiko na bega. Alinunua vidonge vya maumivu kwenye kibanda cha jirani, viwili asubuhi na viwili mchana, anavimeza na mate tu. Miaka inapita. Nilimwona akivimeza kila siku ya Mungu na sikusema neno, kwa sababu vidonge vinauzwa kibandani pamoja na peremende, na mimi nilidhani kitu kinachouzwa pamoja na peremende hakiwezi kumdhuru mtu mzima.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote nilikuwa nimempelekea makoti mapya meupe, maana mimi ndiye niliyewashonea wakaguzi. Nilikuta ugomvi. Fahali mmoja mnene, nyama nyekundu ya kupendeza, alikuwa ametundikwa pembeni. Mwenyewe, mfanyabiashara mmoja mwenye kofia ya manyoya, alikuwa ameweka mikono kiunoni. Fahali huyo alikuwa na mawe kwenye njia ya mkojo. Siku kadhaa hakukojoa, kibofu kikajaa mpaka kikapasuka ndani, na hapo ndipo mwenyewe akaona heri amlete kuchinjwa.

"Figo ziondoe, mama," yule bwana akasema. "Hata zote mbili. Kwani nani anagombana? Nyama ndiyo hiyo, itazame."

Mke wangu alikata kipande cha nyama ya paja, akakitia kwenye sufuria ndogo ya maji, akafunika, akaweka kwenye jiko la chumba cha vipimo. Tulisubiri ichemke. Akafunua mfuniko, akainama juu ya mvuke. Kisha akanivuta mimi kwa mkono wa shati.

"Nusa, Fundi."

Ilikuwa harufu ya choo cha shule. Nilitoka nje mbio.

"Hakuna kitu hapo, mama," nilimsikia yule bwana akisema nyuma yangu. "Hiyo ni sabuni tu ya kuoshea sufuria."

Fahali mzima aliingia kwenye pipa jekundu, vipande vipande. Tukirudi nyumbani nilimuuliza kwa nini hakutupa figo tu, kama anavyofanya siku zote.

"Figo ikiharibika naitupa yenyewe, nyama inapita," akasema. "Lakini uchafu ukikosa pa kutokea ukarudi kwenye damu, hakuna cha kukata tena. Umeenea kila mahali. Harufu ikishatoka kwenye nyama, mnyama huyo amekwisha."

Miaka minne au mitano baadaye alianza kuamka usiku kwenda msalani, mara mbili, mara tatu. Hakushtuka. Kinyume chake alifurahi. Alinieleza akinywa chai, bila haya, maana kwetu hayo yalikuwa mazungumzo ya mezani: mkojo wake siku hizi ulikuwa mwingi na mweupe, kama maji ya bomba. Machinjioni alikuwa amezoea kuona vibofu vya ng'ombe wagonjwa, mkojo una rangi ya kahawa, una damu. Kwake mkojo mweusi ulikuwa ugonjwa, isipokuwa kwa mbuzi wa nyika, na mweupe ulikuwa afya. "Nimepandishwa cheo," akasema. "Sasa mimi ni chemchemi."

Nami nilifanya ujinga wangu. Aliniletea koti, akasema linambana. Nikalifumua pembeni, nikaachia upana. Baada ya miezi mitatu akalirudisha. Nikaongeza kipande. Daftari langu la vipimo ninalo mpaka leo, na limeandikwa kwa mkono wangu: kiuno inchi thelathini na nne, thelathini na sita, thelathini na tisa. Nilimtania. Nilimuuliza kama machinjioni siku hizi wanaonja kabla ya kupiga muhuri. Akacheka. Jioni akivua soksi, alama zilibaki zimezama miguuni, na mabuti yake ya mpira alibadilisha kutoka namba thelathini na nane kwenda arobaini. Mimi fundi wa miaka thelathini, ninayejua kwa kugusa kama kitambaa kimelowa, nilipitisha futi ya kupimia juu ya maji yaliyojaa mwilini mwa mke wangu nikaandika kwamba amenenepa.

Siku alipoanguka mezani pake, reli ilisimama, na safari hii hakuna aliyegonga ndoano.

Hospitalini walimpima presha, muuguzi akarudia mara ya pili kwa kudhani mashine imeharibika. Kisha tukaingizwa kwa daktari mmoja kijana, mpole, mwenye macho ya usingizi, akampaka mafuta mgongoni na kupitisha kile kifaa cha picha. Mke wangu akaomba kioo kigeuzwe akione.

"Urefu wake?" akauliza.

"Sentimita saba," daktari akasema.

"Zote mbili?"

"Zote mbili, mama."

"Zimesinyaa na kukakamaa. Utando umegandia. Ukiubandua unatoka na nyama yake."

Daktari akamtazama vizuri. "Samahani, mama ni daktari mwenzangu?"

"Hapana, baba. Mimi ni wa machinjioni. Hizi zingekuwa kwenye sinia langu, ningezitupa bila kuzipasua." Akasema hivyo kwa sauti ya kazini kabisa. Halafu sauti ikabadilika. "Lakini mkojo wangu ni safi. Ni kama maji."

"Hilo ndilo tatizo, mama," daktari akasema. "Mkojo unatakiwa uwe na rangi. Rangi ni dalili kwamba uchafu unatoka. Figo zako zinapitisha maji tu. Uchafu umebaki kwenye damu."

Daktari aliendelea. Alisema huenda presha ndiyo iliyoanza, huenda ni vidonge, na mwili kukosa maji kila siku hakukusaidia. Alisema presha huharibu figo, na figo zilizoharibika hupandisha presha, kwa hiyo hawezi kujua kilichotangulia. Alisema hata weupe wa viganja vyake unatoka huko huko, kwa sababu figo ndizo zinazouamuru mwili utengeneze damu. Mimi nilikuwa nimeshaacha kusikiliza. Nilikuwa nafikiria inchi thelathini na tisa.

Kupandikizwa figo hakukuwa kwetu. Mtoto hatukujaliwa, ndugu zake wawili walipimwa wakakutwa nao wana presha, na mimi nina sukari, daktari alinikatisha kabla sijamaliza kujitolea. Ilibaki mashine ya kusafisha damu. Vitanda vyake vilikuwa sita katika hospitali nzima, na vyote vilikuwa na wenyewe. Muuguzi mkuu aliandika jina la mke wangu kwenye orodha, namba kumi na nne. Aliandika kwa penseli. Nilimuuliza kwa nini asitumie kalamu.

"Baba, majina haya hufutwa," akasema.

Kila mtu alijua kitanda kinapatikanaje. Mwenye kitanda hapotezi nafasi yake kwa kupona. Tulipoambiwa tumefika namba kumi, nilishukuru Mungu kwa sauti pale kwenye korido, na mke wangu akanifinya mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Unajua unashukuru nini?"

Nilijua. Nilishukuru vile vile, na tulipofika namba saba nilishukuru tena, ila moyoni. Sioni haya kusema.

Pale kwenye benchi la kliniki alizoeana na mwanamke mmoja kijana, mwalimu wa watoto wadogo, aliyetufuata kwenye orodha. Alikuwa na chaki kwenye mikono ya gauni. Walikuwa wakionyeshana miguu iliyovimba na kucheka kama wanaoonyeshana viatu vipya. Mwalimu alikuwa na mapacha wa miaka mitatu, na mke wangu alijua majina yao, na siku gani mmoja wao alijikojolea.

Nyumbani niliwekewa sheria. Maji vikombe viwili kwa siku, vidogo, na chai imo humo humo. Yule aliyekaa miaka kumi na tisa bila kunywa maji kwa kukosa choo, sasa alikaa dirishani akisikiliza bomba la jirani na kuniomba nusu kikombe, na mimi nikamnyima. Nilimnyima nikarudi kwenye cherehani, nikashona mishono iliyopinda.

Msimamizi wa machinjio alikuja kumwona, amevaa shati safi, amekaa ukingoni mwa kiti. Alisema wenzake wanamkumbuka. Alisema mkaguzi mpya ni mwanamume, mtu mzuri, kwa hiyo lile suala la choo limekwisha lenyewe. Nadhani alidhani anatupa habari njema. Nilimsindikiza mpaka barabarani ili nisimpige ndani ya nyumba yangu, na nilipofika barabarani sikumpiga.

Ile harufu ya sufuria niliisikia kwanza kwenye mto wake, nilipokuwa nabadilisha foronya. Nilisimama nimeushika. Nikajitia hamnazo, nikafua mashuka yote, nikafungua madirisha. Siku iliyofuata nilikwenda peke yangu kwa daktari. Akaniambia ni kawaida kwa hali ile, uchafu umezidi kwenye damu mpaka unatoka na pumzi, na kwamba akiingia tu kwenye mashine, baada ya kusafishwa mara tatu au nne, harufu itaondoka. Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia. Tulikuwa namba mbili.

Asubuhi ya Jumatatu nilimpelekea chai yake, nusu kikombe. Alikuwa ameketi kitandani, kwikwi inamshika na kumwacha. Vidole vyake vilikuwa vimetakata. Miezi bila muhuri, wino ulikuwa umetoka wote.

"Fundi, njoo hapa," akasema. "Inama. Mimi mwenyewe siwezi kunusa, pua imezoea."

Akanipumulia usoni, taratibu, kama mtu anayefunua sufuria.

"Hakuna kitu," nikasema. "Ni sabuni tu. Jana nilifua mashuka."

Alinitazama bila hasira. Nilikuwa nimeshasikia nilichosema. Machozi yakanitoka, sikuwa na la kuficha tena, nikaanza kumweleza ya daktari, mbio mbio, kwamba mashine inaiondoa, mara tatu au nne tu, kwamba yeye si fahali, kwamba binadamu aliye hai damu yake inaweza kusafishwa, kwamba tupo namba mbili, namba mbili, mama.

"Daktari ni kijana," akasema. "Anasema hivyo kwa sababu hajawahi kutupa kitu. Mimi nimekaa miaka kumi na tisa pale, Fundi. Sijawahi kurudisha kitu kutoka kwenye pipa jekundu."

"Ni figo tu! Wewe mwenyewe ulisema, figo inatupwa, nyama inapita!"

"Na nikasema nini kuhusu harufu?"

Akachukua simu yake. Niliiona inakwenda sikioni, nikamnyang'anya. Akanyoosha mkono, kiganja juu, akasubiri. Hakuniomba. Alikaa hivyo hivyo, mkono umenyooka, mpaka nilipomaliza kulia. Nikampa. Alimpigia muuguzi mkuu, akamwamkia vizuri, akamuuliza hali ya watoto, akasema jina lake lifutwe na nafasi aachiwe mwalimu. Upande wa pili walibishana naye, nilisikia. Sote hatukuwa tumewahi kuona mtu akibishana na Mama Muhuri akashinda.

Mchana ule ule nilipiga simu mwenyewe, nikamwomba muuguzi aandike jina upya. Aliliandika, chini kabisa, namba kumi na sita.

Alikufa Jumapili iliyofuata, saa nne asubuhi, mkono wake ndani ya mkono wangu. Droo ya vifungo ipo kwenye cherehani kama alivyoiacha mwaka ule, kila kitu mahali pake, nami huwa naokota uchafu kwa vidole, simwagi. Watu wananiuliza kwa nini nilimrudishia simu. Kati ya Jumatatu ile na Ijumaa, kule hospitalini, vilipatikana vitanda viwili.